Mama aliyetoka nje muheme ulipoanza

Ilikuwa Jumapili ya mavuno, katikati ya Juni, wakati ambao upepo wa Dodoma unaanza kuuma asubuhi. Mbele ya madhabahu palikuwa pamejaa magunia ya mtama na uwele, ndoo za karanga na maboga. Mbuzi wawili walifungwa mlangoni, na jogoo mmoja alikuwa hajanyamaza tangu somo la kwanza. Kwaya yetu ilijiandaa wiki sita. Tulichukua Zaburi ya 126, ile ya "wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha", tukaiimba kwa Kigogo, tukaipa mahadhi niliyoyaleta mimi mwenyewe kutoka kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, kisha tukaiwekea muheme.

Kwa asiyejua, muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Unasimama, unaibana ngoma katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na mwenye ngoma kubwa ndiye anayewaongoza wengine. Siku hiyo kubwa nilikuwa nayo mimi.

Ngoma ilipoingia, kanisa zima lilisimama. Vigelegele vikapaa, watu wakaanza kuja mbele kututuza. Katikati ya shangwe ile nikamwona mama mmoja wa mstari wa tatu akiinuka, nikadhani naye anakuja. Alikaza kitenge chake, akabana Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani, akatokea mlango wa pembeni. Hakurudi. Hata kwenye mnada wa mavuno hakuwapo, na huyu ni mtu ambaye mnadani lazima umsikie sauti.

Jumanne mzee wa kanisa akanipigia simu. Mama yule alikuwa amepeleka malalamiko rasmi. Mambo ya unyago yameingizwa kanisani, alisema, na Zaburi imevishwa nguo isiyo yake. Anaomba wimbo ule usiimbwe tena.

Niliumia, na katika maumivu yale nikafanya jambo ambalo naona wengi wetu tunalifanya tukibishana juu ya dini: nilikwenda kutafuta aya. Niliketi usiku na daftari. Nikaanza na Zaburi ya 150, ambayo katika Biblia yetu ya Kiswahili inasema "msifuni kwa matari na kucheza, msifuni kwa zeze na filimbi". Zeze! Chombo ambacho Mgogo amezaliwa amekikuta kwa babu yake, kimeandikwa ndani ya Biblia. Nikaongeza Daudi aliyecheza mbele ya sanduku, Miriamu na tari lake, mpaka zikafika aya saba. Nilizipanga kama tofali.

Kumbe upande wa pili nao walikuwa na zao. Wazee wawili waliokuwa wakimuunga mkono mama yule walishika Warumi 12, "wala msiifuatishe namna ya dunia hii". Ikawa kila mkutano ni aya kwa aya, na kila aliyesoma alisoma kwa sauti kubwa kidogo kuliko aliyemtangulia.

Wazee hawa wana historia nyuma yao, na ni haki niieleze. Injili ya Kianglikana iliingia kwetu katika miaka ya 1870 kupitia Mpwapwa, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927. Kwa vizazi kadhaa kuokoka kulimaanisha kuiacha ngoma, na uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulipofika huku ulikaza kamba hiyo zaidi. Mtu alisimama mbele ya ndugu akatubu, na miongoni mwa vitu alivyovitaja kuviacha ni pombe ya kienyeji, waganga na ngoma. Mtoto wa nyumba kama hiyo, ambaye leo ana miaka sabini na kitu, akisikia muheme madhabahuni anaona mlango ambao baba yake aliufunga kwa machozi unafunguliwa na vijana wanaocheka. Mimi nimekulia wakati mwingine. Nimekuta kwaya za Dodoma zinaimba kwa zeze na ilimba, kile chombo kinachopigwa kwa vidole gumba, na sijawahi kudhani kuna aliyelipia gharama kabla yetu.

Wakati tunavutana hivyo, likaja lalamiko la pili kutoka upande ambao sikuutazamia. Shangazi yangu kijijini alisikia wimbo kwenye simu ya mjukuu wake. Shangazi si mtu wa kanisani sana. Ni katika wale wanawake ambao binti wa ukoo akikua ndio wanaoitwa kumfunda. Alinipigia, akanisalimu "mbukwa" kwa sauti kavu, akaniuliza, "Nani alikupa ruhusa?"

Nikamwambia, shangazi, nimemwimbia Mungu.

"Mungu simkatai," akasema. "Nauliza wimbo. Ule hauimbwi juani. Hauimbwi mbele ya wanaume. Wewe uliupata ndani ukiwa binti, ukakaa nao miaka yote, sasa umekwenda kuuanika kama mlenda."

Anayejua mlenda unavyoanikwa kule kwetu, umetandazwa juu ya jiwe na kila mpita njia anauona, ataelewa jinsi maneno yale yalivyoniingia. Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili wenye hasira juu ya jambo moja, na hasira zao zikipingana. Kwa mama wa kanisa wimbo ule ulikuwa mchafu mno kuingia mahali patakatifu. Kwa shangazi ulikuwa mtakatifu mno kutolewa mahali pake. Na mimi, niliyedhani naunganisha, nilikuwa nimechukua mafundisho ya pande mbili bila kupiga hodi kwenye nyumba hata moja.

Katika hali hiyo nilikwenda Kondoa. Dada yangu ameolewa huko, kwa Warangi, na alisilimu alipoolewa. Mwaka ule Ramadhani iliangukia msimu wa mavuno, na Idi ikakuta bado sijalala vizuri. Barabara ni kama kilomita 160 kutoka mjini, lami sehemu kubwa, kwa hiyo unafika kabla hujamaliza kuwaza.

Nilifika nyumba imegawanyika. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuswali Idi asubuhi hiyo pamoja na wenzake wanaofuata habari ya mwezi hata ukionekana nchi nyingine. Mama yake mzazi, anayeishi nao, alikuwa bado amefunga, kwa sababu yeye anafuata tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na tangazo lilikuwa bado. Wenzetu Waislamu wanaijua vizuri habari hii. Mtume aliagiza watu wafunge kwa kuuona mwezi na wafungue kwa kuuona. Pande zote mbili zinaikubali kauli hiyo moja, na zinatofautiana juu ya nani anayehesabiwa kuwa ameuona: umma mzima popote ulipo, au watu wa upeo mmoja wa anga? Kwa hiyo kuna miaka baba anakula pilau na mama anahesabu siku ya thelathini.

Nilichokiona jikoni nakikumbuka mpaka leo. Mama yule, amefunga, midomo imemkauka, alikuwa anampikia mwanawe pilau ya Idi ambayo yeye mwenyewe haamini kuwa ni Idi. Alikuwa amekaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ya kahawia, nyama imeiva, mchele umeingia. Ikabaki chumvi. Hakutaka kuonja, hata kwa ncha ya ulimi. Akamwita mjukuu wake wa miaka sita, akampa supu kwenye mwiko.

"Ina chumvi?"

"Kidogo, bibi."

Akaongeza. "Sasa?"

"Bado, bibi."

Watoto wanapenda chumvi, na pilau ile ilikuwa kali kweli. Shemeji aliila yote. Alikwenda kuilia uani, nyuma ya nyumba, ili mama yake asimwone anavyotafuna, na aliporudi alimshika mikono akamshukuru. Kesho yake alivaa kanzu ile ile akampeleka mama yake uwanjani, akamsubiri chini ya mwembe mpaka swala ikaisha.

Jioni nikamuuliza shemeji waziwazi, kwani unaona mama amekosea?

"Naona amekosea," akasema. "Na yeye ananiona nimekosea, tena ananiombea. Lakini kila mwaka, kabla hajanibishia, ananiuliza: mwanangu, umeonekana wapi, na nani kauona? Ananisikiliza mpaka mwisho. Halafu anakataa."

Kisha akanipa kisa cha Kurayb, ambacho kimo katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim. Kurayb alitumwa Shamu, yaani Syria, kwa Muawiya aliyekuwa mtawala wa huko, na huko mwezi wa Ramadhani ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamwambia kwamba wao waliuona usiku uliofuata, na kwa hiyo wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Kurayb akauliza, kwani kuona kwa Muawiya hakutoshi? Akajibiwa hapana, ndivyo Mtume alivyotuamuru. Shemeji anakijua kisa hiki kwa moyo, ingawa kinaelekea kumsaidia mama yake kuliko yeye. Ananisimulia ushahidi wa upande wa pili kwa heshima, na wala hatetereki. Hapo ndipo nilipoanza kuionea mashaka ile orodha yangu ya aya saba.

Kwenye rafu yake kuna tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, imechakaa mgongoni. Tulizungumza juu yake hadi usiku, kwa kuwa nayo ni habari ya mafundisho kushikwa na mikono ya wengine. Kurani nzima kwa Kiswahili ilitangulia kuchapishwa mwaka 1923, na aliyeitafsiri alikuwa mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale, kwa kusudi la kuwafaa zaidi walimu wa misheni. Fikiria, kitabu kitakatifu cha watu kinawafikia kwa lugha yao kikitokea kwa mtu anayetaka kuwageuza. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiyya, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki nao hawakuikubali. Sheikh al-Farsy alizipinga zote mbili, tena kwa kalamu kali, wala hakuficha alipoona wenzake wamekosea. Lakini jibu lake kubwa lilikuwa kazi yenyewe, miaka na miaka ya kutafsiri mpaka akawapa watu wake kitabu wanachokiamini. Mimi Mkristo nafaidika nacho pia. Maneno yake mengi ninayatumia kila Jumapili bila kufikiri: imani, dhambi, malaika, nabii, sala. Yote tumeyapata kwa Waislamu. Hakuna aliyekuja kutudai.

Ninayasema haya nikijua upande mwingine wa nchi hii. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam baada ya kipindi kirefu cha mihadhara ya kubezana. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulikwisha kwa mchungaji kuuawa. Aya zilikuwapo pande zote.

Huwa nasikia viongozi wakituhimiza kwenye futari na mikesha: tuvumiliane. Zamani neno hilo lilinichosha, lilisikika kama kubeba mzigo wa mtu huku umeuma meno. Siku hizi nalisikiliza lile "-ana" la mwisho. Maumivu mtu anaweza kuyavumilia peke yake chumbani. Kuvumiliana hakuwezekani bila mwenzako kuwapo, na kama hujamsikia hujui hata unavumilia nini. Anayelalamika kwamba umeyatumia vibaya mafundisho, mara nyingi sana anataka kukueleza jambo lililompata yeye. Ukimjibu kwa aya kabla hajasema, umejibu swali ambalo hakuuliza.

Nilirudi Dodoma na wiki iliyofuata nikaenda kwa yule mama, peke yangu, bila kwaya na bila mzee wa kanisa. Anakaa pembezoni mwa mji, mahali ambapo viwanja vipya vimeuzunguka mbuyu mmoja mkubwa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea ungo bila kusema neno, nami nikaanza kubangua. Daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Tulibangua muda mrefu. Kisha nikamwambia, mama, nimekuja kuuliza. Siku ile ulisikia nini?

Hakuniangalia. Alisema alikuwa na miaka tisa au kumi. Walikuwa wasichana wanne. Aliwekwa ndani, akashikwa miguu na watu aliowaita mama, na nje muheme ukaanza kupigwa. Alifikiri ni sherehe. Halafu akakatwa, akapiga kelele, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo ngoma ilivyozidi. "Walikuwa wanapiga ili nisisikike," akasema. "Mama yangu alikuwa nje. Nimejiuliza miaka yote, alinisikia au hakunisikia? Mahadhi yalikuwa yale yale yako."

Sheria ya mwaka 1998 ilipokuja kukataza ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, yeye alikuwa na watoto wakubwa tayari. Hakuwahi kumsimulia mtu kanisani. Alipokwenda kwa mzee wa kanisa alitumia maneno aliyoyaweza: mambo ya unyago, nguo isiyo yake. Tukamjibu kwa zeze na filimbi.

Mimi nilifundwa bila kukatwa. Ni katika kizazi ambacho akina shangazi walikubali kuacha kisu wakabakiza nyimbo, na kwangu mahadhi yale ni harufu ya mafuta, vicheko vya wanawake usiku, na mara ya kwanza kuambiwa kwamba nina thamani. Nilimwambia hivyo, kwa sababu na hilo ni kweli, na sikutaka kumdanganya kwamba ninayachukia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi wewe ulibahatika, mwanangu." Karanga zilikuwa zimeisha, tukabaki tunapepeta maganda.

Kwenye kwaya haikuwa rahisi. Sikuweza kuwaambia siri ya mtu, nikawaambia tu kwamba nimeongea naye na kwamba naomba tuuache wimbo ule. Kijana mmoja mwenye kipaji kuliko sisi wote alisema mtu mmoja hawezi kuizuia kwaya nzima, na kwamba leo tukiacha ngoma kesho tutaambiwa tuache na vigelegele. Hoja yake ina uzito. Nilimsomea Paulo kwa Wakorintho, pale anaposema chakula kikimkwaza ndugu yake hatakula nyama kabisa. Akanijibu, hiyo nayo ni aya, dada. Nikanyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Mpaka leo anaamini tulikubali kushindwa, na mpaka leo anakuja mazoezini.

Kwa shangazi nilikwenda mwenyewe kijijini, na kitenge na kilo mbili za sukari. Niliomba radhi nikiwa nimepiga magoti, si kwa kuigiza. Aliniacha hapo kwa muda kidogo kuliko nilivyotarajia, akaniinua. Aliniuliza kwa nini sikumwomba tangu mwanzo, nyimbo za kupura mtama zipo tele na hazina mwiko, ziliimbwa uwanjani mbele ya kila mtu. Akanifundisha moja jioni ile, yeye anaitikia na mimi naongoza, huku anaupiga mgongo wa mkono wangu kila nikikosea. Maneno yake ni ya mvua na nzige. Zaburi ya 126 imeingia humo kama mkono kwenye kinu.

Mwaka uliofuata tuliimba hiyo. Muheme ulikuwapo, kwa uamuzi wa kikao cha wazee, lakini bila mahadhi yale. Mama yule alikuwa amehamia kiti cha karibu na mlango wa pembeni. Mzee wa kanisa, ambaye hajui sababu na hajauliza, alimnong'oneza kwamba zamu yetu imefika. Akatoka kabla sijaibana ngoma. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye kivuli cha mti, amewapa mgongo watu, anamtuliza mbuzi aliyekuwa anavuta kamba.

Tulipomaliza alirudi, akakaa. Mnada ulipoanza alimpandia bei jogoo niliyemtoa mimi mpaka shilingi elfu kumi na nane, akashinda, akaja kumchukua kwa mikono miwili. Kamba ya miguu ilikuwa imelegea. Akaniambia nimshike vizuri mabawa wakati anaifunga upya.